Ndoo Ndani

Mimi nina hasira za karibu, hilo silifichi. Bibi yangu alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja uso. Basi siku Daktari Beryl, msimamizi wangu chuoni, aliponiambia niiondoe sauti ya Bibi katika mradi wangu, nilisimama kabla hajamaliza, kiti kikaanguka nyuma yangu.

"Keti, Mwanakuu," akasema. "Tatizo ni neno moja tu."

Neno moja tu! Ngoja nieleze, maana bila kueleza nitaonekana mwendawazimu.

Sisi tunaosomea sanaa hizi za mitambo, zile kazi zinazomjibu mtazamaji, hatumalizi chuo kwa mtihani wa karatasi. Mwaka wa mwisho kila mmoja hutengeneza kazi yake, huiweka kwenye maonyesho, na mtahini kutoka chuo kingine huja kuijaribu. Mwongozo una kurasa kumi na nane. Hudhuria kila kikao, andika daftari la mradi kila wiki, usichelewe kuwasilisha hata kwa saa moja. Hayo yote niliyaweza. Kilichonitoa jasho ni kifungu cha saba: kazi ijieleze yenyewe, na mwanafunzi asiseme neno wala asitoe ishara. Mtahini akishindwa kufika mwisho wa kazi bila kusaidiwa, umeanguka, na mwaka unaurudia.

Kazi yangu ilikuwa mlango. Si ule wa nakshi ambao watalii huusimamia kupigwa picha. Huu ni wa mbao tupu, rangi ya kijani iliyobabuka, na chini kipande cha bati alichokigongomea ami yangu Athmani panya walipozidi. Ni mlango wa nyumba ya Bibi, pale mtaa wa Kuze, Mji wa Kale. Bibi alipofariki, mwezi wa Rajabu, nyumba ikaingia wapangaji na ami akatia mlango wa chuma. Ule wa zamani niliukuta umeegemezwa ukutani nje kama takataka, nikamwandama ami mpaka akanitafutia mkokoteni.

Juu ya mlango nilifunga kinasa sauti na spika. Ukipiga hodi, Bibi anakuitikia kutoka ndani. Ukiingia na kuketi kwenye kiti chake, taa inawaka, naye anaanza kuzungumza nawe: wambaje, kwenu hawajambo, umekula? Anangoja umjibu, kisha anaendelea. Sauti zote hizo nilizichukua kwa simu, kwa kazi za darasani, naye akinung'unika kwamba namfanya kasuku. Sikujua kwamba ndizo zitakazonibakia.

Nyumba ile haikukaa bila hodi. Asubuhi jirani aliyeishiwa chumvi, adhuhuri wa kuleta samaki, alasiri mashoga zake na habari zao za mji mzima. Bibi yuko jikoni, hamwoni aliye mlangoni wala haulizi ni nani. Huinua sauti tu: "Ndoo! Ndoo ndani, mwanangu, waogopani?" Kila mtu alikuwa mwanawe, hata yule wa kusoma mita ya stima. Mpaka leo nikipita Kuze alasiri masikio yangu huingojea sauti ile, nami hujiona mjinga.

Sasa neno lenyewe ndilo hilo. Ndoo. Sisi watu wa Mvita wa asili hatusemi njoo, twasema ndoo. Kwa Bibi, ndoo ya kumwita mtu na ndoo ya maji yalikuwa maneno mawili mbalimbali: la kuita ulimi hugusa meno, la maji ulimi hurudi nyuma. Lakini mtu wa bara husikia chombo cha maji, basi.

Siku ya majaribio waliletwa wageni kumi wasioijua kazi yangu. Nikakaa pembeni, mdomo nimeufunga kama kifungu cha saba kinavyotaka. Wa kwanza akapiga hodi. "Ndoo! Ndoo ndani!" Akatazama kulia, akatazama kushoto, akainama kuchungulia chini ya meza. Wa pili akauliza kwa sauti, "Ndoo gani?" Mwengine akaenda kumwomba bawabu amsaidie kuitafuta. Wallahi nilijiuma ulimi. Kati ya wote kumi, walioingia ni wanne, na wawili kati ya hao ni wazaliwa wa Mji wa Kale.

Ndiyo sababu Daktari Beryl akaniita.

"Tafuta mwigizaji," akasema. "Aseme yale yale, ila aseme njoo."

"Na huyo atakuwa nani, Daktari? Mimi sikuubeba mlango ule kwa ajili ya mwigizaji!"

Akavua miwani. "Nami nilikuwa na nyanya, Mwanakuu. Lakini kifungu cha saba sikukiandika mimi, na mtahini hatamjua bibi yako. Una wiki tatu."

Hata kumkasirikia sawasawa sikuweza, alivyosema kwa upole. Nikainua kiti chake, nikaomba radhi, nikatoka. Kurudia mwaka nilikuwa naogopa, si kidogo. Lakini kumwondoa Bibi kwa mkono wangu mwenyewe, baada ya wote kumwondoa, nilihisi nitakuwa namzika mara ya pili.

Nilimkuta Nasipwondi kwenye ngazi za idara. Huyu ni rafiki yangu tangu mwaka wa kwanza, mtu wa Bungoma, na ndiye fundi wa nyaya katika darasa letu. Nikamhadithia huku nalia. Nilipofika kwenye yule aliyeita bawabu, akaangua kicheko. Nilitaka kumzaba kofi.

"We Mwanakuu, umesahau?" akasema. "Wa kwanza si mimi?"

Nilikuwa nimesahau kweli. Siku ya kwanza nilipompeleka Kuze nilimwambia atangulie kupiga hodi, mimi nikabaki nyuma kuisawazisha simu, maana nilikuwa na kazi ya sauti ya darasa. Bibi akaita, "Ndoo!" Nasipwondi, msichana aliyelelewa akaleleka, akaona ndoo ya maji kizingitini. Akaibeba kwa mikono miwili mpaka jikoni, akapiga goti, akasema, "Nimeileta, nyanya." Bibi alicheka mpaka akakaa sakafuni. Toka siku hiyo akimwita Mwana wa Ndoo, na mahamri ya kwanza kutoka karaini yakawa ya Mwana wa Ndoo, mimi mjukuu nikingoja zamu.

"Ile sauti unayo bado?" Nasipwondi akaniuliza.

Nilikuwa nayo. Tangu Rajabu sikuthubutu kuifungua, kwa sababu ya kile kicheko. Tukaisikiliza pale pale kwenye ngazi, yeye sikio moja, mimi sikio moja. Kilipokwisha nikaizima simu. Kisha Nasipwondi akanishika bega. "Ile ndoo iko wapi?"

Ilikuwa kwa ami Athmani, anachanganyia rangi. Ya buluu, mkono wake wa waya. Tuliisugua siku mbili.

Maonyesho yalikuwa Biashara Street, katika ukumbi wa chini, baina ya maduka mawili ya leso. Siku tatu. Ndoo tuliiweka nje ya mlango, na chini yake Nasipwondi akaficha swichi ndogo. Mabadiliko niliyaandika kwenye daftari la mradi kama inavyotakiwa. Daktari Beryl akayasoma mara mbili, akatia sahihi.

Mtahini alikuja siku ya kwanza, jitu refu la bara, kavaa koti katika joto lile, karatasi ya alama mkononi. Mimi pembeni, kimya. Akapiga hodi.

"Ndoo! Ndoo ndani, mwanangu, waogopani?"

Akatazama huku na huku. Akaiona ndoo. Akabana karatasi kwapani, akainama, akaiinua. Nyuma ya mlango kicheko cha Bibi kikapasuka, kile chenye kikohozi ndani yake.

"Yallah! Mimi namwita yeye, yeye aniletea ndoo! Iweke hapo, mwanangu. Si ndoo hiyo. Ndoo wewe. Ndoo wewe mwenyewe!"

Yule bwana akabaki na ndoo mkononi. Kisha akacheka, peke yake, mbele ya watu. Akaiweka taratibu, akavua viatu bila ya kuambiwa, akausukuma mlango. Nikamsikia ndani akijibu maswali yote. Alipoulizwa kama amekula, akasema, "Bado, nyanya." Kazi yenyewe ni ya dakika sita, yeye alikaa robo saa. Alipotoka karatasi ya alama alikuwa ameisahau kitini, Daktari Beryl akaingia kumchukulia, naye pia akakawia kutoka.

Nilipasi. Daktari Beryl alinipa mkono, nami nikaupokea kwa miwili.

Siku ya tatu, mwongozo unasema, kila kazi iwe imeondolewa ifikapo saa kumi na moja. Watu walikwisha kwenda. Nasipwondi alikuja na kikasha chake cha nyaya. "Nizime?"

"Ngoja."

Katika nyumba ile mimi sikupata kupiga hodi tangu kuzaliwa. Nilikuwa nikiusukuma mlango kwa goti na kupaza salamu, Bibi akinigombeza kwa alama za goti kwenye rangi. Hata tulipoujaribu mtambo, hodi zote zilikuwa za Nasipwondi, mimi niko ndani na nyaya. Basi nikafanya kama nilivyozoea. Goti mlangoni. "Asalaam aleikum, Bibi."

Kimya. Hakuna aliyeitikia. Niliutengeneza mwenyewe ujibu hodi tu, salamu ya mtu wa nyumbani sikuutilia. Nilisimama pale nikaona uchungu ambao hata siku ya maziko sikuuona.

Nikarudi hatua moja nyuma, kama wageni wote.

"Hodi," nikasema.

"Ndoo! Ndoo ndani, mwanangu, waogopani?"

Nikavua viatu, nikaingia.