Lusinda Binti Nani?

Haya nimehadithiwa na Bi Tumu wa mtaa wa Kuze, mwezi wa Mfunguo Tatu, siku tuliyokaa ukumbini kwake tukitunga vikuba vya harusi ya jirani. Alikuwa akicheka hata asumini zikimponyoka mkononi.

Ilikuwa mwaka ule uliofuata mvua za El Niño. Nyumbani kwa Mzee Faraj, papo hapo Kuze, iliingia televisheni ya rangi. Mwanawe mkubwa aliileta kutoka Arabuni, akasema ni kwa ajili ya taarifa ya habari. Basi taarifa ya habari ikatazamwa wiki ile ya kwanza. Kisha ikawa kila baada ya Magharibi ni mchezo wa Lusinda. Ni mchezo wa nchi za mbali huko, watu wake vinywa vyaenda hivi na sauti yaja vile, na kila mmoja analia au yuko njiani kwenda kulia.

Binti wa nyumba ile, Maisara, alikuwa mtoto mtulivu aliyemaliza shule na kujua kupika. Lakini mchezo haukutimiza mwezi, akawa haombwi chumvi akaleta. Ukimwomba chumvi hukugeukia polepole, akakutazama, akanyamaza, ndipo akasema, "Kwa hivyo ni chumvi tu uitakayo kwangu?" Mlango haufungi tena, aubamiza akauegemea kwa mgongo. Na likimuudhi jambo huweka mgongo wa mkono kwenye paji la uso akafumba macho. Mamake, Bi Mwanakuu, alipoona vile alijua ni homa, akampa vidonge vya malaria. Kesho yake mkono uko pale pale, akampa tena.

"Homa ya magharibi hii," akawaambia majirani. "Haisikii dawa."

Bi Tumu ndiye aliyekuwa somo wa Maisara, yule aliyemfunda alipovunja ungo. Na somo, kama mjuavyo, ndiye mwenye kujua siri ya mwari kabla ya mamake. Siri yenyewe ilikuwa hii: Maisara akimtaka Huzaifa, fundi wa redio na televisheni wa Ndia Kuu. Alimwambia kwa kinywa chake, "Somo, akija yule, mimi sina neno." Bi Tumu akashika ndia hadi kwa watu wa Huzaifa, akadondoa kidokezo hapa na kidokezo pale, mpaka posa ikaja, na kahawa ikanywewa. Wazee wa kiume wakaambiwa wangoje jibu, kama ada.

Siku ya jibu Bi Tumu akaingia chumbani kwa mwari. Ada ya pale yajulikana: mwari akiulizwa, anyamaze. Kimya chake ndiyo ridhaa. Mwenye kukataa ndiye anenaye.

"Mwanangu," akamwambia, "posa ya Huzaifa iko mbele ya babako. Wasemaje?"

Akakaza mashavu, kigelegele kishajipanga. Maisara akainuka, akenda dirishani, akashika nondo kwa mkono mmoja, wa pili ukapanda kwenye paji la uso.

"Mwambie asahau kuwa aliwahi kuniona. Aende zake, asirudi tena. Moyo wangu umekufa."

Kigelegele kikamkwama Bi Tumu kooni akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Umekufa lini, nawe asubuhi umemaliza sahani ya mahamri peke yako?"

"Nenda, somo. Usiniulize."

Bi Tumu akashuka ngazi. Kwa wanaume alipeleka neno moja tu, "Hakuridhia," maana maiti wa moyo hakujua ampeleke kwa nani. Mzee Faraj akawarudishia wenyewe jibu kwa heshima. Nao wakalipokea kwa heshima: Mungu amjaalie binti kheri yake, nasi atujaalie yetu.

Maisara akakaa dirishani kungoja. Akangoja siku ile na zilizofuata. Huzaifa alipita, naam, akienda Msikitini. Alipofika karibu na nyumba aliinamisha kichwa akavuka upande wa pili, asije akamtia haya binti wa watu aliyekwisha mkataa. Kijana amelelewa yule.

Ijumaa ikiwa karibu, habari ikafika Kuze kwamba watu wa Huzaifa wapeleka posa kwa binti wa mtaa wa Kibokoni. Maisara akalia. Safari hii hakushika dirisha wala paji. Alilia kwenye kona ya jikoni, kamasi na machozi pamoja, uso umefura kama andazi. Mamake akaja na vidonge.

"Usimpe," Bi Tumu akasema. "Hiki si kilio cha magharibi. Mwanangu, walia nini?"

"Huzaifa, somo."

"Si ulisema aende asirudi?"

"Nilitaka arudi! Nilitaka asikie hivyo, aje anibembeleze. Asimame pale chini, aniite. Mvua ikinyesha ndiyo bora."

"Mvua! Nani aliyekufunza maneno haya?"

"Lusinda."

Bi Tumu akajifunga leso kiunoni. "Lusinda binti nani? Wa mtaa gani? Niambie mamake, nikamsute leo leo. Mtoto gani huyu wa kuwaharibia wenziwe posa?"

Maisara akanyoosha kidole, kupitia mlango wa jikoni, kwenye kile kioo cha televisheni. Bi Tumu, ambaye televisheni alikuwa ameiona kwa kuipita tu, akakitazama kioo, akamtazama mwari, akakaa chini.

"Laiti angekuwa wa Makadara," akasema, "ningempata."

Basi alasiri ile ile akajitanda buibui, akenda Ndia Kuu kwa Bi Mwanarusi, mamake Huzaifa. Lazima niwaambie Bi Mwanarusi ni mtu wa namna gani. Huyu ndiye aliyekuwa akisema kwenye kila maulidi na kila matanga kwamba kioo kile ni jicho la shetani, na nyumba yenye kioo malaika hawaingii. Kwamba mwanawe ala kwa kuvitengeneza vioo hivyo, hilo hakulitaja, wala hakuna aliyethubutu kumkumbusha.

"Masalkheri, bibi."

"Masannuri, Bi Tumu. Karibu, ila kama waja kwa lile, ndia yako umeipoteza. Mlango uliotufungia hatuugongi tena. Kesho wazee wenda Kibokoni."

"Mtoto hakukusudia, bibi."

"Hakukusudia! Mwari hanyamazi, anena, tena akatae, kisha hakukusudia? Hebu, alisema nini hasa? Neno kwa neno."

Bi Tumu akaona hana la kuficha. Akameza mate. "Alisema, 'Mwambie asahau kuwa aliwahi kuniona. Aende zake, asirudi tena. Moyo wangu umekufa.'"

Bi Mwanarusi akashika kifua. "Masikini! Ndivyo alivyomwambia Arturo siku ile ya—"

Akajiziba mdomo kwa kiganja.

"Arturo gani, bibi?"

"Nani kasema Arturo?"

Bi Tumu akageuza shingo taratibu. Nyuma ya mlango wa chumba palikuwa na kitu cha pembe nne, kimefunikwa leso, na juu ya leso msahafu, na ubavuni waya ukielekea ukutani.

"Kile ni cha mteja," Bi Mwanarusi akasema upesi. "Huzaifa akijaribu."

"Akijaribu tangu lini?"

"Ramadhani."

"Mashallah. Ni fundi mwangalifu."

Bi Mwanarusi akajipepea. Kisha jambo likamshinda, likatoka. "Lakini na wewe sikiliza, Bi Tumu. Lusinda hakuwa akimchukia! Alisema vile kwa kuwa nduguye alikuwa amejificha nyuma ya pazia, angemdhuru Arturo. Mtu hawezi kumhukumu mwana wa watu kwa neno moja, neno lenyewe limetoka kwa uchungu! Mimi nililia usiku kucha."

"Wasema kweli, bibi. Basi kama Lusinda, binti wa watu tusiowajua, umemsamehe, huyu wetu wa Kuze?"

Bi Mwanarusi akamtazama. Akaona ameingia mtegoni kwa miguu yake mwenyewe. "Bi Tumu," akasema kwa sauti ya chini, "ya leso hutayasema."

"Nitayasema kwa nani?"

Huzaifa akaitwa kutoka dukani, vidole vimejaa masizi. Akaelezwa. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Mimi mama vitu hivyo navijua kwa nyuma," akasema. "Kwa nyuma ni waya na vumbi. Nimeambiwa hataki kwa kinywa, nimeitikia. Kama ataka, na aseme kwa kinywa. Sitaki kimya, maana sitajua ni kimya cha nani, chake au cha huyo Lusinda."

Kibokoni kukasitishwa, ikapangwa siku nyingine Kuze. Bi Mwanakuu aliposikia sharti akashika kichwa. Mwari atamke ridhaa kwa mdomo wake, wazee wakisikia! Tangu Kuze iwe Kuze nani kaliona hilo?

Siku ikafika. Wanaume sebuleni, wanawake ndani, pazia katikati. Huzaifa naye alikuja, jambo ambalo si ada, akakaa karibu na mlango. Mzee Faraj akasimama penye pazia.

"Maisara, mwanangu. Huzaifa akuposa. Wasemaje?"

Kimya. Bi Tumu alikuwa amemshika mkono. Mkono ulikuwa baridi kama samaki. Midomo yaenda, sauti haiji. Na hapo ndipo palipokuwa pagumu, kwa sababu Lusinda hakumwachia maneno ya pale, na bibi zake wote hawakumwachia ila kunyamaza.

Ami yake Huzaifa, Mzee Jamaldin, akainua mikono. "Alhamdulillahi, kimya ni ridhaa. Al-Faatiha."

"Ami," Huzaifa akasema, "ngoja kidogo."

Mikono ikabaki hewani. Bi Tumu akausikia moyo wa mwari ukigonga hadi kwenye vidole. Asiponena sasa, mtu huyu atainuka, ataaga kwa adabu, na hatarudi hata mvua ya gharika inyeshe.

"Baba," Maisara akasema, "nimeridhia. Namtaka Huzaifa. Siku ile nilisema uongo, na sitaki kubembelezwa."

Upande wa wanaume mtu akapaliwa na kahawa. Upande wa wanawake ajuza mmoja akapiga mkeka kwa kofi.

"Mwaona? Mwaona! Hana haya! Haya ndiyo wafunzwayo na televisheni!"

"Wapi!" Bi Mwanarusi akadakia kabla hajajizuia. "Lusinda hajapata kusema hivyo hata siku moja!"

"Kweli," akasema mwanamke wa pembeni. "Yeye hulia tu."

"Tena juzi," akasema ajuza mwenyewe, "si angemwambia Arturo kweli, mambo yakaisha?"

Wakatazamana, wote, leso zikapanda midomoni. Ng'ambo ya pazia Mzee Jamaldin akasema kwa sauti kubwa, haraka haraka, "Al-Faatiha!" na wanaume wakaisoma kwa bidii, kama watu wasiojua Arturo ni nani.

Wanawake wakabaki kusaidia kuosha vikombe. Magharibi ikaingia na vikombe havijaguswa. Maisara alikuwa wa kwanza kulala, pale pale mkekani, kwenye goti la mamake, Lusinda akilia juu yake. Bi Tumu akabaki macho, mara yake ya kwanza kutazama, akiuliza huyu nani na yule nani, mpaka wakamwambia anyamaze.

Wageni walipokwenda, alilala huko huko. Taa zimezimwa, akaita gizani, "Mwanakuu, yule mwenye masharubu ndiye babake?"

Bi Mwanakuu alikuwa akikoroma. Bi Tumu akageuka ubavu. Alimwonea huruma binti yule wa kiooni, mzuri, mwenye mali, na nyumba nzima ile hana hata somo wa kumfunda. Angempata wiki moja tu, akawaza, na huku akipanga angeanzia wapi, usingizi ukamchukua.