Njoo Umefunga

Mimi ni fundi cherehani, na kazi yangu kubwa ni kufupisha. Nafupisha suruali, nafupisha magauni, na wanaonifahamu watakuambia nafupisha hata maneno. Mteja akianza kunisimulia kwa nini sketi yake imekuwa ndefu, namkata: "Weka hapo. Ijumaa." Simu zangu hazifiki nusu dakika. Tabia hii niliiona sifa, mpaka iliponiponza, na nusura imponze mdogo wangu pamoja na mimi.

Mdogo wangu ni mwoka mikate. Tangu utotoni tunamwita Hamira, kwa sababu alikuwa mtoto wa kuumuka: ukimwacha asubuhi, jioni unamkuta kanenepa. Akakua hivyo hivyo, mtu wa kicheko na tumbo, na karakana ndogo nyuma ya nyumba yake yenye tanuri moja, meza moja ya kukandia unga na rafu za trei mpaka darini. Mkate wake, nikiweka undugu pembeni, hauna mpinzani mtaa mzima.

Basi figo zangu zikafa. Presha ya miaka mingi, na dawa nilizokuwa nikimeza siku nikijisikia kumeza. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, kwa hiyo usinipe pole. Mara mbili kwa wiki nafungwa kwenye mashine kwa muda wa saa nne nasafishwa damu, na nikirudi nyumbani sina hata nguvu ya kutunga uzi kwenye sindano. Daktari akasema suluhisho la kudumu ni kupata figo ya mtu. Kabla sijamaliza kumweleza Hamira, akapangusa unga mikononi akasema, "Mimi ninazo mbili. Lini?"

Akapimwa kila kitu, vyote vikaoana, kikakwama kimoja: sukari. Asubuhi ile alikuwa amedamkia hospitali bila kutia kitu mdomoni, na bado ikasoma sita nukta nane. Wakapima na kile kipimo cha wastani wa miezi mitatu, nacho kikatoa ushahidi ule ule. Daktari, mama mmoja mwenye miwani na maneno ya taratibu, akatueleza kwamba Hamira bado hana kisukari, ila amesimama kizingitini.

"Anaweza kuingia, na anaweza kurudi alikotoka," akasema. "Lakini siwezi kumtoa figo mtu ambaye kesho sukari itakuja kuimaliza ile moja niliyombakishia. Nampa miezi mitatu. Ikishuka chini ya tano nukta sita, tunaendelea. Isiposhuka, mtafute mtu mwingine."

Mtu mwingine hakuwepo. Tumezaliwa wawili tu, wazazi wametangulia, na mimi sikujaliwa mtoto. Nitasema kweli: nilikata tamaa pale pale kwenye kiti. Nilimtazama yule mtu anayeishi katikati ya unga, siagi na sukari, nikasema moyoni, hapa hakuna kitu.

Wiki ya kwanza akathibitisha. Aliacha sukari kwenye chai, akatembea mtaa mzima akijisifu, na mchana akajaza sinia la wali kama kawaida. Wifi yangu, mkewe, akamwambia, "Baba, sukari haikai kwenye kopo tu. Wali ukifika tumboni ni sukari. Na huo mkate wako pia." Hamira akaduwaa. Miaka ishirini anauza mkate, na hakuna aliyewahi kumwambia maneno mazito hivyo juu ya mkate huo.

Kuanzia hapo nikamwona mtu nisiyemjua. Wifi alimgawia sahani: nusu mboga za majani, robo maharage au samaki au yai, robo iliyobaki ndiyo wali. Tena mboga ziliwe kwanza, wali uje mwisho. Siku ya kwanza akauinamia ule wali akauliza, "Huu ni wa kula au wa kuonja chumvi?" Lakini akala hivyo hivyo, na kesho yake akala hivyo hivyo.

Adui mkubwa hakuwa kwenye sahani, alikuwa mkononi. Mwoka mikate hula kutwa bila kujua: ncha ya mkate, keki iliyovunjika, kidole cha krimu. Hamira akaweka chupa tupu mezani, na kila mkono ulipokwenda mdomoni akatia punje moja ya maharage. Siku ya kwanza jioni wakahesabu punje thelathini na moja. Aliziangalia muda mrefu, hakucheka. Wiki ya sita zilikuwa tatu. Wiki ya nane chupa ililala tupu, na keki zilizovunjika zikawa zinapelekwa kwa majirani, ambao wao walinenepa.

Pikipiki ya kusambazia mikate akaiegesha. Akafunga makreti kwenye baiskeli, na baiskeli yenyewe hakuipanda, aliisukuma kwa miguu duka hadi duka, mara tu baada ya kula, jua likiwaka. Wenye maduka wakamtania, "Vipi, pikipiki imekufa?" Akawajibu, "Ipo hai. Nataka na mimi niwe hai."

Lililonivua kofia kabisa ni usingizi. Miaka yote hiyo Hamira alikuwa anaamka saa saba usiku kukanda, ili mkate uwe tayari asubuhi. Daktari akamwambia kukosa usingizi peke yake kunapandisha sukari. Mwingine angesema, kazi ndiyo hii, nifanyeje. Hamira akabadilisha unga wenyewe. Akapunguza hamira hadi robo, akakandia maji baridi, akakanda jioni, akauacha unga uumuke wenyewe polepole huku yeye amelala tangu saa tatu mpaka saa kumi. Wiki ya kwanza mkate ukatoka bapa na mchachu, wateja wakanuna, akautupa. Wiki ya pili akarekebisha chumvi na maji, na tangu hapo mkate wake umekuwa mtamu kuliko ule wa zamani. "Hamira kidogo, muda mrefu," akaniambia, na sikujua kama anasema juu ya unga au juu yake mwenyewe.

Ushahidi ninao. Nilimpunguzia kiuno cha suruali mara tatu katika miezi hiyo, na kila kitambaa nilichokikata nilikitunza kwenye droo ya cherehani. Kilo tisa zilikuwa humo. Siku nyingine nikitoka kwenye mashine sina nguvu, nilivuta droo nikavitazama, nikapata moyo wa kukaa tena kwenye kiti changu.

Miezi ikatimia. Nesi akapiga simu kwangu, maana faili lilikuwa na namba yangu. Nilikuwa na gauni la bibi harusi mapajani na pini nane mdomoni. Nesi akasema, "Mwambie mdogo wako kesho saa moja asubuhi tunampima sukari. Asile kitu chochote kuanzia saa mbili usiku mpaka tumtoe damu. Maji tu." Nikaitikia. Nikampigia Hamira nikasema, "Kesho saa moja hospitali. Njoo umefunga." Nikakata simu, nikarudi kwenye gauni langu.

Kesho yake tukakutana pale, yeye, wifi na mimi, maana siku hiyo nilikuwa na zamu ya mashine. Hamira alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, utadhani anakwenda kuposa. Wakamtoa damu. Tukangoja kwenye benchi. Nesi akatoka na karatasi, na kabla hajasema nikaona uso wake umeshuka. "Nane nukta moja," akasema. "Imepanda. Nitampelekea daktari."

Ikanijia hasira, na hasira hasara, lakini siku hiyo nilikuwa nimesahau methali zote. Nilimgeukia Hamira mbele ya watu.

"Keki ngapi?" nikamwuliza. "Sema tu. Miezi mitatu unanionyesha chupa tupu, kumbe unakula gizani. Ungesema figo yako unaipenda, ningeelewa."

Aliinamisha kichwa akatazama viatu vyake, vile viatu vilivyoisha soli kwa kusukuma baiskeli. Mwisho akasema kwa sauti ndogo, "Labda mwili wangu ndivyo ulivyo, dada. Samahani." Akaondoka kwenda kusambaza mikate yake.

Vile vitambaa vya kwenye droo, nilivyovitunza kama dhahabu, havikunijia akilini hata kidogo.

Wakanifunga kwenye mashine. Wifi akakaa pembeni yangu, amenuna, na alikuwa na haki ya kununa. Baada ya saa nzima akasema, "Wifi, umemwonea. Mwenzio hajagusa kitu tangu alfajiri."

"Alfajiri?" nikasema. "Na kabla ya alfajiri?"

"Kabla ya alfajiri alikula daku. Si ulimwambia afunge? Nilimwandalia saa kumi na nusu. Tena alijilazimisha. Vipande vitano vya mkate, ndizi mbili na bakuli la uji. Alisema lazima ashibe kwelikweli, asije akazirai mbele ya dada yake."

Mimi na Hamira tumelelewa na mama mmoja wa imani, na kwa mama yetu kufunga kulikuwa kumoja tu: unaamka, unashiba, ndipo unafunga. Nesi alinipa sentensi tatu zilizonyooka. Mimi nikazikata, nikabakiza neno moja, na neno lenyewe likawa na kiuno kisichomtosha.

Nilitaka kuinuka nikamfuate. Lakini zilikuwa zimebaki saa tatu za kusafishwa, na mirija ya damu ilikuwa mkononi. Nilikaa pale nikalia waziwazi, mimi ambaye sikulia nilipoambiwa figo zimekufa. Nesi alipokuja mbio nikamweleza. Akataka kucheka, akanitazama usoni, akaacha. "Jumatatu tunampima tena," akasema. "Na safari hii nitampigia mwenyewe."

Nilipofunguliwa sikwenda nyumbani. Wifi alinishika mkono mpaka kwenye karakana. Hamira alikuwa ameanza mapema kukanda unga wa kesho, shati jeupe ametundika msumarini. Kwenye chupa hakukuwa na punje. Nikamweleza yote, la nesi, la saa mbili usiku, la maji tu, la neno langu moja. Nilikuwa nangoja anitukane, na nilikuwa nimeshajiandaa kukubali.

Aliacha kukanda. "Kwa hiyo sijashindwa?" akauliza.

Hilo ndilo lilikuwa swali lake. Hakuuliza kwa nini nilimwaibisha mbele ya watu. Muda wote ule alikuwa anaamini mwili wake umenisaliti, na hata hivyo alikuwa amesimama pale anakanda kwa robo ya hamira, ili alale mapema, ili aombe miezi mitatu mingine aanze upya. Nikamwambia, "Hujashindwa, mdogo wangu. Aliyeshindwa ni mimi." Akanisogezea kigoda nikae.

Jumatatu sukari yake ilisoma tano nukta mbili. Na kile kipimo cha miezi mitatu kikaja nyuma yake kikasema vivyo hivyo. Daktari alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akasoma tena. Akamwuliza Hamira amefanyaje. Hamira akaanza na chupa ya maharage, na yule mama mwenye shughuli zake zote akamsikiliza mpaka mwisho.

Alhamisi moja jioni tukalazwa, tukapewa chumba kimoja cha vitanda viwili. Nesi wa zamu akachungulia mlangoni. "Upasuaji ni kesho asubuhi," akasema. "Wote wawili mnafunga." Akaenda zake.

Hamira akageuza kichwa kwenye mto. "Dada," akasema, na sura yake haikuwa na utani hata chembe, "kufunga kupi?"

Nikakaa kitandani. Nikamwambia asile kitu kuanzia saa mbili, asiamke kula daku, asionje, asilambe kidole. Nilipomaliza hayo nikaona siwezi kunyamaza. Nikamwambia juu ya vile vitambaa vya kwenye droo. Nikamwambia kwamba nimemwona akisukuma ile baiskeli juani, siku nyingine nikiwa dirishani na cherehani mbele yangu, na nilikuwa naacha kushona mpaka apite. Nikamwambia kwamba watu wengi hawawezi kuacha tamaa ya tumbo kwa ajili ya maisha yao wenyewe, na yeye ameacha kwa ajili ya mdomo mkali kama wangu. Nikamwambia nampenda, neno ambalo nilikuwa nimelikunja ndani ya pindo tangu tukiwa watoto. Niliongea mpaka koo likakauka, sikufupisha hata moja.

Akanisikiliza yote, macho yamemjaa machozi. Halafu akavuta shuka mpaka kidevuni.

"Weka hapo," akasema. "Ijumaa."