Mkono wa Murithi

Beth alikuwa na dakika kumi za kueleza mbele ya darasa la jioni jinsi midundo ya kasi ya seli za neva inavyozaliwa ndani ya hipokampasi, sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu. Akishindwa, angerudia muhula mzima, na akiwa na miaka hamsini na minne hakuwa na muhula wa kupoteza.

"Mama Mchungaji, leo usituombee mpaka mashamba ya Timau," Murithi alimtania. Mchana alikuwa karani wa ardhi pale Embu. Jioni alikaa darasani, nyuma ya Beth.

"Nitaomba kidogo tu."

Kijijini kwao Kanyakine, jambo lisilofunguliwa kwa maombi huwa halijaanza. Alifumba macho akawaombea wanafunzi, mwalimu, jamaa zao, ngano ya Timau, na mtu aliyevumbua hadubini. Aliposema amina, Mwalimu Njura alikuwa akitazama saa.

"Mama Beth, zimebaki dakika tatu."

"Za saa au za mbinguni?" Murithi aliuliza. Darasa likacheka.

Beth akaweka karatasi zake chini. "Mliokaa mbele ni seli za kuchochea. Kila mmoja aseme amina anapotaka. Murithi, wewe ni seli ya kunyamazisha. Ukisikia amina nyingi, inua mkono, wanyamaze. Ukichoka, ushushe."

"Hatimaye nimepewa kazi ya kukunyamazisha!"

"Si mimi. Hao."

Amina zikaanza ovyo, moja huku, mbili kule. Mkono ukapanda, kimya. Ukashuka, waliokuwa wamezuiwa wakaanza karibu pamoja. Mara ya tano ilisikika amina moja tu, nzito, kama ya kanisa zima.

"Nani amewaongoza?" Beth aliuliza.

"Hakuna," alijibu Karwirwa kutoka mbele. "Tulimngoja Murithi."

"Na Murithi aliwangoja ninyi. Wanaosema wanamwamsha anayenyamazisha. Akiwaachilia, wanasema pamoja, na huo ndio mdundo. Kwenye ubongo hutokea mara nyingi kwa sekunde moja, maana kimya chenyewe ni kifupi mno."

"Tofauti na maombi ya mtu fulani," Murithi alisema.

Mwalimu Njura alicheka, akaandika alama. "Umepita, Mama Beth. Siku nyingine uombee nyumbani."

"Asante, Mwalimu. Basi tufunge kwa shukrani fupi. Baba yetu, tunakuja mbele zako jioni hii, kwanza kabisa..."

Murithi akainua mkono.

Beth alifumbua jicho moja, akauona, akanyamaza. Mkono uliposhuka, alisema amina pamoja na darasa zima.