Njiwa Walirudi Moa

Najat, binti yangu, ana miaka saba na anajua kununa kuliko mama yake. Safari hii alininunia kwa haki, maana njiwa wake niliwafungulia mimi.

Wale njiwa, dume na jike, alipewa na babu yake, yaani baba yangu, Mzee Tahiri wa kijijini Moa. Mama yangu ndiye aliyewaleta huku kwetu mjini, mtaa wa Mabawa, ndani ya tenga, na masharti juu: wasifunguliwe mpaka watage na waangue. Njiwa akishaangulia mahali, ndio kwao.

Mi nikamwambia Najat, "Mnyama wako, kazi yako. Siku nikikuta kopo halina maji, nawachinja."

Nilikuwa namtisha tu. Mtoto akashika. Asubuhi kabla ya shule anabadilisha maji, anamwaga mtama, anakwangua kinyesi kwa kijiko kibovu. Siku aliyoshikwa na homa akamtuma mama yake, halafu kalala huko anauliza kama kakwangua mpaka kwenye kona.

Sasa mi sipendi kitu kilichofungiwa. Hata shule ilinishinda kwa hilo, kukaa ndani mpaka kengele ilie. Nikirudi kula mchana naegesha bodaboda, nawaona wale wawili wanachungulia mbingu kwenye tundu za waya wa banda lao. Roho inaniuma. Jumamosi moja Najat yuko madrasa, nikasema ah, wacha wanyooshe mbawa kidogo. Nikafungua.

Wakakaa juu ya bati. Wakazunguka kidogo. Halafu wakashika njia ya kaskazini, mi chini napiga mluzi kama mwehu.

"Njiwa hawakai nyumba ya kelele," jirani yetu Mama Yona akanirushia kijembe toka barazani kwake. "Na domo lako, Uweso, lasikika mpaka sokoni."

Najat aliporudi sikumzungusha. "Nimewafungua mimi. Wameondoka."

Hakulia. Akaenda bandani, akamwaga maji ya kopo, akaweka mengine masafi.

"Wakirudi watakuwa na kiu," akasema.

Bora angenitukana. Sabiha, mke wangu, akanitazama tu. "Mnyama wako, kazi yako, eeh?"

Jioni simu ikalia. Baba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nina wageni wako huku, wako juu ya paa."

"Njiwa?"

"Alasiri haijaadhiniwa walishafika. Hawana pikipiki, hawana mafuta. We unavyo vyote, na Idi zote hizi hatukuoni."

Kesho yake nikampakia Najat, tukashika barabara ya Horohoro, halafu vumbi mpaka Moa. Njia nzima hasemi nami, ila kiuno kanikaba kwelikweli.

"Mke wangu kaja!" Mzee akampokea. "Na dereva huyu umemuokota wapi?"

Najat hakucheka. "Shikamoo babu. Eti Mama Yona anasema waliondoka kwa kelele za baba?"

"Marahaba. Hapana, kelele hizo kazirithi kwangu. Wao hapa ndio kwao tu, wameanguliwa hapa."

Njiwa wenyewe wako juu ya makuti, wanachokoana midomo. Nikamwambia Najat tusubiri walale, tuwakamate, safari hii tunawakata manyoya ya mbawa. Akatikisa kichwa.

"Waache. Watakuwa wanataka kurudi kila siku."

Hapo ndipo machozi yakamtoka.

Mzee akamshika mkono mpaka bandani, akamwonyesha kiota. Makinda mawili ya njiwa wengine wa Mzee, mabaya hayo, midomo mikubwa na vinyoya vya njano.

"Hawa hawajawahi kuruka. Wakirukia kwako mara ya kwanza, kwako ndio kwao. Lakini bado wanalishwa na mama yao. Mwenyewe uje kila wiki uwaangalie, wakujue."

"Nani atanileta?"

Wakanitazama wote wawili.

"Mi," nikasema.

Najat akafikiri. "Babu, na baba naye ulimfungia mpaka akazoea?"

"Huyo? Huyo tulichelewa, mjukuu wangu."

Mama huko jikoni alicheka mpaka mwiko ukamponyoka.

Basi ikawa kila Jumapili tuko Moa. Mama anapika, baba anayasema matairi yangu, Najat anawashika makinda viganjani. Walipoanza kula wenyewe tukaja nao Mabawa. Najat akawafungia kama alivyoelekezwa, na ufunguo wa banda akauvaa shingoni. Mi sikuulizwa kitu.

Siku ya kuwafungua alifungua mwenyewe. Wakapanda juu, wakapita mnara wa msikiti, wakapotea. Nikafumba domo langu, hata kukohoa sikukohoa. Mama Yona naye kasimama na fagio lake, kimya. Mara hao, wakatokea upande wa minazi, wakatua kwenye bati letu, mmoja akateleza mpaka ukingoni.

Najat akanipokonya simu mfukoni. "Babu! Wametua!"

"Alhamdulillahi! Jumapili uje unihadithie vizuri."

Akageuka kuniangalia, simu sikioni. Nikaenda kutazama mafuta kwenye tangi.