Mkutano Usio na Tarehe ya Mwisho

Kila Jumatatu, akishamaliza kumpaka mama yake dawa ya kiuno, Dada Kalenda alifuta meza ya jikoni, akaweka kompyuta pale palipokwisha kukauka, akaanza kusaka mikutano. Alipekua makundi ya simu, kurasa za vyuo na matangazo ya vijana waliokodi vyumba juu ya maduka, akitafuta popote watu walipopanga kukutana wazungumze habari za blokcheni. Akiupata mkutano hakuutangaza papo hapo. Alivaa viatu akaenda kwanza kuuona ukumbi.

Aliifanya kazi hiyo miaka sita, na hakuna aliyemtuma. Alipanda ngazi akizihesabu. Alijaribu komeo la choo. Aliuliza kama kuna pa kukaa mama mwenye mtoto mchanga. Mlinzi mmoja, alipoulizwa kiti cha mtu mwenye mguu mbovu, alijibu, "Kikikosekana nitampa changu," na Dada Kalenda akaliandika hilo kwenye tangazo: mlinzi wa zamu ya asubuhi ni mtu mwema. Waliosoma kalenda yake mtandaoni walifika bila kupotea. Wengi hawakuijua sura yake. Walijua tu mstari mdogo chini ya ukurasa: Inatunzwa na Dada Kalenda.

Mama yake aliwahi kumwuliza hiyo blokcheni ni mnyama gani.

"Ni daftari, mama. Kila mtu ana nakala yake. Kitu kikishaandikwa humo hakifutiki, maana itabidi ukifute kwa watu wote."

"Kama aibu," mama alisema, akageukia ukutani alale.

Mwaka wa sita kiuno cha mama kilizidi kuuma, akalazwa wiki tatu. Dada Kalenda alikesha kwenye kiti kando ya kitanda. Ili kazi isisimame, alimpa neno la siri la kalenda Mwenyekiti wa umoja wa jumuiya za blokcheni, mtu wa suti na manukato, aliyezoea kumwita "dada yangu" mbele za watu. Mwenyekiti alikuja hospitalini na machungwa. Hilo lazima lisemwe: machungwa yalikuwa matamu, na mawili alimmenyea mgonjwa kwa mkono wake mwenyewe.

Walipotoka hospitalini, neno la siri lilikuwa limebadilishwa. Mwenyekiti alikuwa amefanya sherehe, akaihamishia kalenda nzima ndani ya blokcheni, na akatangaza jukwaani kwamba tangu siku hiyo hakuna mtu atakayefuta hata herufi moja, yeye mwenyewe akiwemo. Watu walishangilia. Chini ya ukurasa palisomeka: Imeanzishwa na kutunzwa na Mwenyekiti.

Dada Kalenda alimfuata ofisini.

"Dada yangu," Mwenyekiti alisema, akimvutia kiti, "kalenda imekua. Inahitaji sura inayojulikana."

"Jina langu liko wapi?"

"Hata nikitaka, siwezi kulirudisha. Ndiyo teknolojia yenyewe hiyo. Haifutiki."

"Basi lisemwe kwa mdomo. Simama mbele za watu useme nani aliianzisha. Mdomo wako hujauweka kwenye blokcheni."

Mwenyekiti alitabasamu kama mtu anayemhurumia mtoto. "Tutawachanganya watu bure," alisema, akamsindikiza mpaka kwenye lifti, akambonyezea kitufe.

Dada Kalenda hakulia. Alikuwa bado na ruhusa ya kuweka matangazo kama mwanachama yeyote, na kesho yake alikwenda mpaka nyumbani kwa Mwenyekiti, akasimama nje ya geti, akaziangalia ngazi za mlangoni, na jinsi moja ilivyocheza kila ilipokanyagwa, mpaka aliporidhika. Hakuwahi kutangaza mahali asipopaona, na hakutaka kuanza uzembe kwa sababu ya hasira. Kisha alirudi jikoni akaandika:

Mahali: sebuleni kwa Mwenyekiti, nyumba ya geti la kijani. Ngazi ni tatu, ya pili inacheza, irukeni. Muda: kila siku, saa nne asubuhi hadi saa sita. Mzungumzaji: Mwenyekiti. Mada: Nani alianzisha kalenda hii? Mkutano utafungwa siku mada itakapojibiwa kwa kweli.

Palipoulizwa tarehe ya mwisho, aliacha wazi. Alimsomea mama yake.

"Ungemwongezea na saa kumi jioni," mama alisema.

"Saa nne inatosha."

"Una huruma mno wewe. Sijui umerithi kwa nani."

Kila mwandalizi wa mikutano anajua kwamba wakijiandikisha watu mia, watatokea sitini. Wale arobaini hakuna anayeuliza walikwenda wapi. Asubuhi iliyofuata walikwenda kwa Mwenyekiti. Hawakuonekana barabarani wala getini. Walianzia kwenye ngazi ya kwanza, wakairuka ya pili kama walivyoelekezwa, wakaingia sebuleni wakipangusa viatu, kila mmoja na kadi yake shingoni. Wa kwanza alikuwa mwanamume mwenye mwavuli unaochuruzika mvua ya mwaka juzi.

"Samahani, tumechelewa," alisema, na kwa adabu akauacha mwavuli nje.

Mwenyekiti, ambaye alizoea hadhira, alifunga vifungo vya shati akahutubia kuhusu mustakabali wa teknolojia. Wageni walisikiliza, wakapiga makofi. Saa sita walianza kupungua kama mvuke wa sufuria iliyoepuliwa, mpaka vikabaki viti. Vikombe walikuwa wameshaviosha.

Siku ya pili walirudi. Siku ya tatu Mwenyekiti alifunga mlango kwa kufuli, na wageni wakakaa ndani vilevile, ila walimwomba radhi kwa usumbufu. Siku ya nne alisafiri. Saa nne kamili alijikuta amesimama sebuleni, begi mkononi, kwa sababu tangazo lilimtaja yeye kuwa mzungumzaji. Alimwita fundi wake wa kompyuta alifute.

"Si wewe mwenyewe uliyesema jukwaani halifutiki?" fundi alimwuliza. Kisha akahesabu wageni kwa macho, akaenda kumletea bibi mmoja mto wa kuegemea mgongo.

Dada Kalenda alijua yote hayo, kwa kuwa watu husimulia. Kila siku saa nne ilipogonga alivuta kiti mbele ya saa ya ukutani, akakaa mikono magotini. Alimwona moyoni Mwenyekiti akisimama, miguu ikimuuma, akitafuta maneno mapya ya kukwepa neno moja. Kwa muda wa saa mbili alijisikia amekula akashiba. Saa sita njaa ilirudi.

Mwezi wa tatu, mke wa Mwenyekiti alipiga hodi. Alimwamkia mama shikamoo, akakaa kwenye ukingo wa kiti kama mgonjwa anayesubiri kuitwa.

"Wageni wenyewe sina ugomvi nao," alisema. "Wana adabu kuliko mawifi zangu. Kuna mmoja ameninyooshea mapazia yote. Lakini mume wangu anakula amesimama. Usingizini anahutubia. Dada, umekwisha kumwadhibu. Mwachilie."

"Mimi sikumfunga. Atamke tu."

"Nimemwambia. Nimempigia magoti, mimi, mtu mzima."

"Akasemaje?"

Mke aliikunja ncha ya mtandio, akaikunjua. "Kasema atazoea."

Mama alicheka kitandani mpaka kiuno kikamuuma. Dada Kalenda hakucheka. Alimpa mgeni chai, na wakati wa kuondoka akamsindikiza mpaka kituoni, kwa sababu yule mwanamke hakuwa amemkosea kitu.

Na kweli Mwenyekiti alizoea. Alibomoa ukuta wa chumba cha kulia, akapanua sebule. Alinunua kipaza sauti. Habari zikaenea kwamba kuna jumuiya ya blokcheni inayokutana kila siku bila kukosa, watu arobaini, hakuna anayesinzia, na kutoka mbali wakaja watu wa shirikisho la blokcheni kumpa tuzo ya mahudhurio bora. Tangazo la siku hiyo lilialika wote, na Dada Kalenda akajiandikisha. Alikwenda na nguo yake ya heshima. Kwenye ngazi ya pili hakukanyaga.

Alipata nafasi kati ya wale arobaini, karibu na bibi mwenye mto. Bibi alimsogezea nusu ya mto bila kuombwa.

"Mimi nilijiandikisha miaka minne iliyopita," alimnong'oneza. "Tangazo lilisema kuna mlinzi atanipa kiti chake. Nikafurahi kweli. Lakini mume wangu alizidiwa siku ile, sikuwa na wa kumwachia."

"Pole, mama."

"Nimeshapoa. Wewe je, uliwahi kuja?"

"Nilikuwa nakuja kabla ya wote," alisema Dada Kalenda.

Tuzo ilitolewa. Picha zikapigwa. Kisha msichana mmoja katika wageni wa shirikisho, mwenye daftari mapajani, akanyoosha mkono. Hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa amesoma mada kwenye tangazo.

"Mzee, naomba kuuliza. Nani hasa alianzisha kalenda hii?"

Mwenyekiti alishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Aliangaza macho sebuleni mpaka yakamfikia Dada Kalenda, yakakaa hapo. Alikuwa amekonda, na shati lilikuwa limelowa makwapani. Mke wake, mlangoni na sinia, aliacha kutembea. Wale arobaini waliinama mbele, wote pamoja, kama watu wanaojua wapi wameweka viatu vyao na wako tayari kuvivaa waondoke.

Dada Kalenda alimwangalia bila kupepesa. Midomo ya Mwenyekiti ilifunguka, na yeye akaiona ikianza kulitamka jina lake.

"Ni mimi," Mwenyekiti alisema.

Mke aliangalia sakafu, kisha akaendelea kugawa vikombe. Msichana aliandika kwenye daftari. Wageni walirudisha migongo kwenye viti na kupiga makofi, watu wa shirikisho pamoja na wale arobaini, kwa muda mrefu na kwa moyo mweupe. Dada Kalenda peke yake alibaki na mikono magotini.

Bibi alimwona. Akamhurumia. Aliinama akamshika vifundo vya mikono kwa vidole vya baridi, vyepesi.

"Tusaidiane, mwanangu," alisema. "Ukikaa hivyo peke yako watu watakushangaa."

Akaikutanisha mikono ya Dada Kalenda, taratibu, mara moja, mara mbili, mara tatu, na makofi yakatoka. Saa sita ikagonga. Bibi alianza kupungua akiwa bado amemshika, mpaka pale hapakuwa na mtu, ila Dada Kalenda na viganja vyake vilivyokutana, na Mwenyekiti akapita kati ya viti akimshukuru kwa kuja.