Midomo ya Mzee Alexander

…na sasa midomo inacheza tena, taratibu, baba anasema jambo, jambo kubwa bila shaka, maana mzee Alexander hawezi kukusanya ukoo chumbani kwake Nshamba mchana wa mvua kwa ajili ya salamu, na Rugemalira, bingwa wa zamani wa mbio za pikipiki, leo mpiga gitaa wa roki anayejaza kumbi za Bukoba, amepiga magoti kando ya kitanda, mkono wake umo ndani ya mkono wa mzazi, na hasikii kitu, labda mtu ampigie kelele sikioni, hata mvua juu ya bati haisikii, anaiona tu ikishuka kwenye migomba… pikipiki ndiyo iliyoanza, miaka yote ile bila kuziba masikio, alitaka aisikie injini ajue wakati wa kubadili gia, akashinda, vikombe vikajaa kabati, halafu akaanguka, nyonga ikavunjika, akastaafu, akashika gitaa, na maspika yakamalizia kilichobaki, hajamwambia mtu, hata Najibu mpiga ngoma wake anadhani bosi hupanda jukwaani peku kwa mbwembwe, kumbe nyayo ndizo zinazosikiliza, mtetemo unapandia miguuni, siku hizi vijana wa Kashai nao wanacheza peku, masikini, wanaiga ugonjwa… sema tena, taata, baba yangu, sema kwa nguvu, lakini mgonjwa nguvu atazitoa wapi… midomo ya Kiswahili alishajifunza kuisoma, ila baba anaongea Kihaya, tena bila meno, na baba mdogo Lwakatare pale kitini anatafuna punje za kahawa, taya hazipumziki, sasa anasema au anatafuna?… Evelyne, dada yake, ndiye aliyemwogesha baba, akapalilia kibanja, shamba la migomba la ukoo, kaka mtu akipiga gitaa mjini, je, kama baba anasema kibanja ni cha Evelyne, je, kama anasema kiuzwe, au kama anaomba tu yaishe, yale ya siku alipomwambia makelele yako yatakumaliza, na yeye akamjibu kwa kupiga resi pikipiki mpaka kuku wakakimbilia kwa jirani… sema basi kwamba husikii, mwanamume mzima, neno moja tu, lakini atamwambiaje, ulisema kweli, mzee, makelele yamenimaliza, amwambie leo, aende nalo kaburini?… Evelyne amegeuka, midomo yake inasomeka, "Kaka, umemsikia baba?" na kichwa, kichwa hiki kilichozoea kuitikia, kilichomwambia yule mama wa Miembeni "kabisa, hongera" kumbe anamweleza kwamba amefiwa na mume, kichwa kinainama chenyewe, "Kabisa, taata, nimekubali," na Evelyne anajifunika uso kwa kitenge, ni furaha au ni kilio, mabega hutikisika vilevile kwa yote mawili, amekubali nini, Mungu wangu, amemnyang'anya nani… na baba mdogo Lwakatare anatema maganda ya kahawa kiganjani, anainuka, anamwinamia mpaka ndevu zinamgusa sikio, mzee mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, na safari hii Rugemalira anasikia kila neno, "Vizuri, mwanangu. Sasa rudia alichosema baba yako, sisi mashahidi tukisikie kinywani mwako," kumbe alisahau, katika ukoo wao wosia haujapokewa mpaka aliyeambiwa aurudie… na chumba kizima kimemgeukia, na ile aibu aliyoificha miaka yote leo anaiona ndogo, ndogo mno, heri angeitwa kiziwi Bukoba nzima na Muleba nzima kuliko hili, heri angemwandikia Evelyne kwenye simu, dada, masikio yangu yamekufa, ungekuwa ujumbe mfupi tu, lakini ameshaitikia, na baba amefurahi, baba ambaye hakumfurahia hivi hata alipoleta kikombe cha kwanza nyumbani, mkono wa mzee unazidi kumbana, na macho yake yametua mdomoni mwa mwanawe, yanasubiri.