Kikohozi cha Wimbo wa Sita

Jumanne hiyo bendi ya Kokoto ilisimamisha kurekodi mara tatu kwa sababu ya mashine ya jirani ya kusaga unga. Studio yao ilikuwa banda la kuku la Mama Wangui, kule Kiamunyi. Kuku walikuwa wameuzwa na trei za mayai zikapigiliwa ukutani kuzuia mwangwi, lakini harufu ilikataa kuhama. Kigen alipiga gitaa na kurekodi kwa laptopu. Elphas, fundi wa kuchomelea mageti, alipiga ngoma kama mtu aliyefungiwa nje. Nyimbo zote nane zilikuwa tayari, isipokuwa sauti. Mwimbaji wao, Wangui, alizikwa Februari.

Saa kumi kamili mashine ilizimwa, na Wangui akaingia. Alivaa ovaroli ya shamba la maua la Naivasha alikokuwa akichuma waridi. Aliacha gambuti mlangoni, akanawa mpaka viwiko kama walivyofundishwa kazini, akauliza kama chai ina sukari.

"Umechelewa," Elphas akamwambia. "Tunakungoja tangu Februari."

"Si ungekuja kunichukua na pikipiki?"

"Huko? Kurudi ningesukuma."

Aliimba wimbo mmoja kila siku, kwa sauti yake ileile ya kukwangua sufuria. Wimbo wa sita ndio uliosumbua. Kwenye ubeti wa pili alikohoa, kikohozi kirefu, na trei za mayai zikaingia vumbi jeupe lenye harufu ya dawa. Kigen alipangusa laptopu, wakarudia. Walirudia mara kumi na moja. Kigen akakikata kikohozi; kikahamia ubeti wa tatu. Akakikata tena, na gitaa likakohoa.

"Kwa nini huja saa kumi tu?" Mama Wangui alimuuliza bintiye akimwongezea chai.

"Ndiyo saa ya kupulizia dawa, Mami. Zamani hatukuruhusiwa kutoka kabla ya kumaliza mstari wa waridi. Siku hizi natoka."

Mama Wangui akaweka birika chini. Kabatini alikuwa na barua ya shamba iliyosema marehemu alipatwa na baridi nyumbani kwao, nyumba ya mbao yenye nyufa. Tangu mazishi alikuwa akiziziba zile nyufa kwa matambara, moja moja. Hakutaka kitu kingine duniani ila barua hiyo ibadilishwe.

"Kigen, usikitoe," alisema. "Hicho ndicho nitakachowapelekea."

Albamu ilipokamilika, Mama Wangui na bendi walishuka Naivasha. Karani wa kliniki ya shamba alivaa spika za masikioni akasikiliza nyimbo zote nane, akitikisa mguu. Kwenye wa sita meza yake iliingia vumbi jeupe. Alilipangusa kwa leso.

"Kikohozi ni chake, mama, sikatai," alisema. "Lakini hakisemi alikitoa wapi. Na mwenyewe hajatia sahihi fomu ya malalamiko."

Walingoja mpaka saa kumi. Wangui akaingia, akaacha gambuti mlangoni, akatia sahihi.

Karani aliitazama sahihi, akaitazama na ya zamani kwenye faili. Zilifanana. "Shida ni kwamba marehemu hutumia fomu ya kijani," akasema, "na za kijani zimeisha."

Nje ya dirisha lake king'ora kililia, na wapulizaji wa dawa wakaingia grinhausi namba sita, banda la plastiki la waridi. Wachumaji hawakutoka, mistari ilikuwa bado. Wangui akakohoa. Karani akafunga dirisha kwa adabu.

Albamu ilitoka Agosti. Vijana wa Nakuru wanaipenda, hasa kile kikohozi. Elphas anasema kwenye shoo ukumbi mzima hukohoa pamoja nacho. Wangui bado hufika Kiamunyi saa kumi, hunawa, hunywa chai yake. Kabla hajafika, mamake huzunguka nyumba na matambara yake, akikagua ukuta ubao kwa ubao, kwa sababu barua bado inasema baridi iliingilia pale.